Risasi Haibishi Hodi

Gari lilikuwa la Ferdinand.

Flaviana alilikodolea macho kama mtu aliyeitwa kutambua maiti na hataki kuitambua. Corolla ya kijani. Bampa la nyuma limebonyea. Rozari nyeupe inaning'inia kwenye kioo. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya jengo la fleti pale Wheaton, ndani kabisa ya utepe wa njano wa polisi, mahali ambapo gari la mume wake halikuwa na shughuli yoyote.

Wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakusimulia kwa pumzi moja. Flaviana Tarimo, Mchaga wa Rombo, ni mwalimu wa bastola katika uwanja wa shabaha kule Gaithersburg, na ni mpiganiaji wa haki ya raia kumiliki silaha. Jumamosi hiyo ya Julai 2008 alikuwa jukwaani katika ukumbi mmoja mtaa wa Shaw, jijini Washington, ambako watu walikuwa wakisherehekea uamuzi wa Mahakama ya Juu uliofuta marufuku ya bastola. Simu yake ikaita. Alikuwa Généreuse, Mkongo wa Uvira, mwanafunzi wake, mwanamke aliyekimbia ngumi za mumewe Venuste.

"Mwalimu, nimepiga," Généreuse alisema. "Alikuya pa mlango. Nimefanya vile ulinifundisha."

Na Flaviana akafanya nini? Aliinua simu juu, akautangazia ukumbi mzima kwamba mwanamke aliyemfundisha kwa mikono yake mwenyewe ameokoa maisha yake sasa hivi. Ukumbi ukasimama. Wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Haya. Twende naye kwenye utepe.

"Rudi nyuma, mama," askari kijana alimwambia kwa Kiingereza.

"Mimi ndiye mwalimu wa mwanamke aliyefyatua," Flaviana alijibu. Bado sauti ilikuwa na mkazo wa jukwaani. "Aliyepigwa yuko wapi?"

"Hospitali."

"Ni mume wake?"

Askari alipandisha mabega. "Hatukukuta kitambulisho. Mwanamume mweusi, miaka arobaini na kitu. Shati la bluu."

Asubuhi ile Ferdinand alikuwa amesimama jikoni na shati la bluu. Alisema, "Flavi, kuna jambo nataka tuongee." Yeye alikuwa anatafuta hereni. Alimjibu, "Nikirudi."

Akashika utepe, utepe nao ukamnyumbukia mkononi.

"Mwalimu!"

Sauti ilitoka kwenye kundi la watazamaji nyuma yake. Flaviana aligeuka. Venuste alikuwa amesimama kivulini, mzima, kopo la bia limefichwa kwenye mfuko wa karatasi. Hana hata mkwaruzo.

"Unamtafuta nani, Mwalimu? Mimi niko hapa."

"Wewe..."

"Mimi nilikuja asubuhi, nikagonga, nikatukana, nikaenda zangu kunywa. Nimerudi nakuta polisi." Venuste alicheka mpaka bia ikammwagikia. "Mwanafunzi wako ana shabaha nzuri. Shida ni macho."

"Nyamaza!"

"Ninyamaze? Muulize bwana wako alikuwa anafuata nini kwa mke wangu. Kila Jumamosi hilo gari liko hapa. Kila Jumamosi! Wewe unafundisha watu bunduki huko, yeye..." Alimalizia kwa kusonya.

Kila Jumamosi.

Maneno hayo yalimchoma Flaviana kuliko utepe, kuliko askari, kuliko damu iliyoonekana kwa mbali kwenye kizingiti cha fleti. Jumamosi ndiyo siku yake ya darasa kubwa. Anaondoka nyumbani umande haujakauka, anarudi jioni.

Alipiga hatua mbili tatu pembeni mwa utepe. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa karibu na ukingo, kioo cha nyuma kimeteremshwa kidogo kwa ajili ya joto. Ndani alikaa Généreuse, mikono imefungwa pingu mgongoni, kitenge kimemteleza begani.

"Mwalimu! Asante Yesu umekuya! Venuste amekufa?"

Flaviana aliinamia ule uwazi wa kioo. Angeweza kusema lolote. Angeweza kumwambia atulie, asiseme neno mpaka apate wakili. Hayo ndiyo aliyowafundisha wanafunzi wake wote.

"Venuste amesimama pale anakunywa bia," alisema taratibu. "Geuka umwone."

Généreuse aligeuka. Alimwona. Mdomo ukabaki wazi.

"Uliyempiga ni Ferdinand. Mume wangu."

"Hapana."

"Alikuwa anakuja kufanya nini kwako?"

"Hapana, hapana, hapana..." Généreuse alianza kugonga paji la uso kwenye wavu wa chuma uliotenganisha viti. "Alisema hodi, Mwalimu! Nilisikia hodi! Sauti ya mwanaume tu, hodi. Nilifikiri Venuste amerudia. Uliniambia nisiulize. Uliniambia!"

"Sikukuambia hivyo."

Uongo wa kwanza ulimtoka mwepesi kama mate.

"Pale jikoni, Mwalimu! Kweli, vraiment, unanikana?"

Askari alikuja kumsukuma Flaviana kando. Hakuelewa Kiswahili. Alidhani wanawake wawili walikuwa wanasali.

Msomaji wangu, tusidanganyane mimi na wewe. Kule uwanjani Gaithersburg, mbele ya watu na miwani ya kinga usoni, Flaviana alifundisha kama vitabu vinavyotaka: jua unachokilenga, jua kilicho nyuma yake. Lakini mwezi Juni alikwenda kumtembelea Généreuse nyumbani. Alimkuta na jicho limevimba. Hasira ikampanda. Akagonga mlango wa fleti kwa ngumi na kusema: "Unaona huu? Ubao mtupu. Sheria za uwanjani ziache uwanjani. Akija, ukiuliza nani, umempa nafasi. Mwanaume akibisha hapa, mjibu kwa bastola."

Alimsimamisha pale jikoni, akamshika viwiko, akamwonyesha kimo cha kifua kwenye ubao wa mlango. Généreuse alikuwa anatetemeka. Flaviana akamwambia kutetemeka kutaisha.

* * *

Hospitalini walimkalisha kwenye chumba cha kusubiri chenye televisheni isiyozimwa. Ferdinand alikuwa chini ya visu. Risasi iliingia chini ya mbavu. Zaidi ya hapo hakuna aliyemwambia kitu.

Wa kwanza kufika alikuwa Kipkemboi, wakili wa chama cha wamiliki wa silaha, Mkenya wa Eldoret, suti ya kijivu na simu mbili. Hakukaa.

"Pole sana," alisema. "Ako hai?"

"Yuko hai."

"Sawa. Sasa sikiza, Flaviana. Waandishi wa habari wako pale chini. Ile speech yako, mtu ali-record. Ukiinua simu, watu wakipiga makofi. Unaelewa vile itakaa kwa TV? Mwalimu anasherehekea mume wake kupigwa risasi!"

"Sikujua!"

"Mimi najua hukujua. Wao hawajali." Alishusha sauti. "Mpelelezi anakuja kuongea na wewe. Swali ni moja. Ulimfundisha huyu mama kupiga risasi kwa mlango umefungwa?"

Flaviana aliigeukia televisheni.

Kipkemboi alimwangalia kwa muda, kisha akatazama viatu vyake. "Usinijibu. Sitaki kujua. Nitakuambia kitu kimoja tu. Kama ulimfundisha, wewe umekwisha. Leseni imekwenda, uwanja utakufukuza, na chama kitasema hakikujui. Kila mama Mwafrika uliyemwambia anunue bastola, watasema wewe ndiye ulimdanganya. Kama hukumfundisha, basi huyu ni mwanafunzi alivunja sheria ya kwanza kabisa. Inauma, lakini si yako."

"Na Généreuse?"

"Généreuse ndiye alivuta trigger."

Bila bastola Flaviana alikuwa nani? Alilikumbuka jibu vizuri. Alikuwa mtunza wazee wa zamu, mwanamke wa kugeuza migongo yenye vidonda na kuitwa kwa kengele. Ndipo ikaja ile Oktoba ya mwaka 2002, mdunguaji alipokuwa akiua watu ovyo katika eneo hili, wengine wakiwa wanajaza mafuta tu. Watu walijificha nyuma ya magari yao pale vituoni wakiwa wameshika bomba la mafuta. Flaviana alichutama hivyo siku moja, suruali imelowa mkojo, akaapa hatachutama tena. Alinunua bastola. Alijifunza. Akafundisha. Wazungu waliokuwa hawamtazami usoni wakaanza kusimama akiingia ukumbini.

Mwanamke wa hivyo harudi kwenye kengele kwa hiari.

Mpelelezi alikuwa mama wa makamo, nywele fupi za mvi, sauti ya chini. Alimpa pole ya kweli kwanza, ndipo akavuta kiti.

"Ulimfundisha Généreuse?"

"Ndiyo."

"Ulimfundisha nini kuhusu mlango uliofungwa?"

"Nawafundisha wote neno moja. Usipige usichokiona."

"Sikuulizi kuhusu wote. Nakuuliza kuhusu yeye."

Kipkemboi alikohoa. Mpelelezi hakumtazama.

"Yeye anasema ulimfundisha jikoni kwake. Anasema ulimshika viwiko. Ameonyesha kabisa mahali uliposimama. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi ni mwanamke mwenye hofu aliyefanya alichoambiwa na mtaalamu, na mwendesha mashtaka atalitazama hilo kwa jicho lingine. Kama sivyo, nitaelewa kwamba anatunga. Kwa hiyo nauliza tena, na fikiri kabla hujajibu."

Flaviana alifikiri. Nakuapia alifikiri. Aliliona lile jicho lililovimba. Aliviona viwiko vyembamba vikitetemeka viganjani mwake. Neno "ndiyo" lilifika mpaka kwenye meno.

Halafu akamsikia Venuste akisonya. Kila Jumamosi.

"Anasema uongo," Flaviana alisema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika." Angeishia hapo. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Lakini wivu ni kama samli kwenye moto, ukishaumwaga huukusanyi. "Na tena, mpelelezi, huenda alijua vizuri nani yuko mlangoni. Mume wangu alikuwa anakwenda kwake kila Jumamosi kwa siri. Labda alitaka kumwacha. Mwanamke akiachwa, na bastola iko mezani..."

Hata Kipkemboi aligeuza shingo.

Mpelelezi alimkazia macho. "Unaniambia huenda alimpiga kwa kukusudia?"

"Nakuambia ninachokijua."

"Asante." Yule mama alisimama, akamwachia kadi yenye namba yake ya simu. "Ukikumbuka lolote, nipigie. Saa yoyote."

Milango ya lifti ilipojifunga, Kipkemboi alipangusa jasho kwa tai yake. "Mimi nilikuambia ujilinde," alinong'ona. "Sikukuambia umzike."

* * *

Lifti ileile ilirudi na mtu mwingine. Msichana mrefu mwenye fulana ya kazi ya duka la viatu, pumzi juu juu, viatu vya raba vimefunguka kamba. Alikuwa Jaël, binti mkubwa wa Généreuse. Alikuwa kazini pale kwenye maduka makubwa ya Wheaton polisi walipompigia simu.

Alimkumbatia Flaviana kabla hajazuiwa.

"Anti, I'm so sorry. Anko yuko wapi? Ni mimi. It's my fault, Anti, ni mimi nilimwita!"

Flaviana alimwondoa taratibu kifuani. "Ulimwita nani?"

"Anko Ferdinand. Nilimwomba aje achukue ile bunduki." Maneno yalimtoka yakikanyagana. "Mama halali tena. Analala na bunduki chini ya mto. Juzi nilitoka kazini, nikafungua mlango na ufunguo wangu, akaniwekea bunduki usoni. Mimi! Akalia sana. Akakupigia wewe, Anti, akasema come and take it. Ukamwambia..."

"Najua nilichomwambia." Flaviana alimwambia Généreuse ajipe moyo. Alimwambia woga ni hatua, itapita. Alikuwa anaandaa hotuba.

"So nilimwambia Anko. Akasema atakuja leo aichukue, ataifungia mahali. Sikumwambia Mama. Nilidhani atakataa, nilidhani Anko atamwongelesha vizuri kama kawaida. I didn't know Venuste alikuja asubuhi kupiga mlango. Sikujua, Anti."

Flaviana alimshika mabega.

"Kama kawaida?" aliuliza. "Kawaida gani? Alikuwa anakuja kwenu kufanya nini kila Jumamosi?"

Jaël alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Driving, Anti. Ananifundisha kuendesha gari. Anakuja, ananichukua, tunazunguka parking lot, ananirudisha. Ndiyo maana bampa limebonyea, ni mimi nilirudi nyuma nikagonga nguzo."

"Hakuniambia."

"Alikuambia! Tulikuwa kwenu mezani, Easter. Akasema, Flavi, nataka kumfundisha huyu mtoto kuendesha, ukasema sawa. Ulikuwa kwenye simu."

Na ilikuwa kweli. Flaviana alikumbuka sahani, pilau, kidole chake akikiinua kuwanyamazisha kwa kuwa alikuwa anaongea na watu wa redio. Alisema sawa bila kujua amesema sawa kwa nini.

Mume wake hakuwa mzinzi. Mume wake alikuwa amelala pale ndani amepasuliwa kwa sababu alikwenda kusafisha uchafu aliouacha yeye. Na yeye, muda si mrefu uliopita, amemwambia polisi kwamba Généreuse alikusudia kuua.

Kadi ya mpelelezi ilikuwa bado mkononi. Aliitazama ile namba. Akatoa simu.

"Weka chini," Kipkemboi alisema nyuma yake.

"Nilikosea. Lazima nimwambie nilikosea."

"Hukukosea, ulidanganya. Iko tofauti. Umempa polisi maelezo ya uongo kwa kesi ya risasi. Ukipiga hiyo simu sasa, wanaweza kukufungulia mashtaka wewe. Na bwana yako akiamka, nani atamwosha? Nani atamlisha?" Alimshika mkono, akaufunga juu ya simu kidole kimoja kimoja. "Ngoja. Lala nayo. Mambo yatapoa."

Jaël alikuwa anawatazama, mara huyu, mara yule.

"Anti? Umewaambia nini?" Akamsogelea Flaviana. "Anti, utawaambia, si ndiyo? About the kitchen? Siku ile ulimwambia Mama asiulize. I was there. Nilikuwa nawatengenezea chai. Ulisema mwanaume akibisha, mjibu kwa bastola."

Kipkemboi alifumba macho.

Flaviana alimtazama yule msichana. Uso wa Généreuse mtupu, bila makovu. Akampangusa machozi kwa kidole gumba, polepole, kama mama.

"Hukusikia vizuri, mwanangu," alisema.

Jaël alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

* * *

Jua la kiangazi lilikuwa bado linachoma vioo vya magari ya barabara kuu daktari alipotoka. Alikuwa na alama za barakoa mashavuni.

"Yuko hai," alisema. "Na ameanza kuzinduka mapema kuliko tulivyotarajia."

"Mungu mkubwa!"

"Lakini risasi imegusa uti wa mgongo. Sitaki kukuahidi kitu. Kwa sasa hahisi miguu."

Flaviana alitikisa kichwa kukubali, kama aliyeambiwa bei ya viazi. Akili ilikuwa imekataa kupokea mzigo mwingine.

"Anaruhusiwa mtu wa familia. Dakika chache tu."

Jaël alisogea. "Naweza kwenda na yeye? Please. Mimi ni kama mtoto wake."

Nesi alimtazama Flaviana, akisubiri neno lake.

"Huyu si wa familia," Flaviana alisema, na kuingia.

Ferdinand alikuwa amelala chali nyuma ya pazia, mirija puani na mkononi, uso umekuwa wa majivu. Yule mwanamume mkimya wa kazi ya maabara, ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuishika bastola ya mkewe hata kwa kuihamisha mezani. Alifungua macho. Yalimtafuta. Yalimpata.

"Flavi."

"Niko hapa, Ferdi. Usiongee."

"Généreuse... wamempeleka wapi?"

Hakuuliza kuhusu miguu yake.

"Polisi wanaye. Tulia."

"Hana kosa. Nilisema hodi tu, sikutaja jina." Alimeza kwa shida. "Nilisikia analia ndani. Nikasema hodi tena. Angejuaje?"

"Tutaongea kesho."

"Leo. Niitie askari."

"Askari wa nini?"

"Niwaambie. Ulichomfundisha." Macho yake yalikuwa mazito, lakini ndani yake kulikuwa na mtu aliyeamka kabisa. "Ulinisimulia mwenyewe, umerudi kutoka kwake. Ulikuwa unacheka. Umemshika viwiko... umemwonyesha mlango... Niitie, Flavi. Yule mama atafungwa."

"Nimeshawaambia sikumfundisha hivyo. Ukisema, mimi nimekwisha. Unaelewa? Nimekwisha!"

"Mimi je?" Ferdinand aliuliza. Hakuwa na ukali hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nesi alisogea upande wa pili wa kitanda. Kijana mchangamfu, lafudhi ya Wazungu wa kusini. "Anasema nini?" aliuliza. "Ana shida?"

Ferdinand aligeuza shingo kumwelekea. Alijaribu. Midomo ilitafuta Kiingereza, kile kizuri cha chuo kikuu alichokitumia kazini kila siku, lakini dawa za usingizi zilikuwa zimekizamisha chote. Kilichotoka ni Kiswahili.

"Niitie askari, ndugu yangu. Nina maneno ya kuwaambia. Mke wangu anasema uongo."

Nesi alitabasamu bila kuelewa neno. Alimgeukia Flaviana. "Mama?"

Hapa, msomaji, pangekuwa na mtu mwingine ajuaye Kiswahili chumbani, yote yangekwenda vingine. Flaviana alimtazama mumewe. Aliutazama mkono wake, wenye pete, ukikwaruza shuka. Na ulimi wake, uliokwisha kuzoea njia siku hiyo, ukaenda wenyewe.

"Anasema maumivu yamemzidi," alisema kwa Kiingereza. "Anakuomba umlaze."

"Maskini." Nesi alichukua bomba la sindano lililokuwa tayari kwenye trei, akalichomeka kwenye mrija wa mkononi.

Ferdinand aliona. "Hapana," alisema. "Hapana! Flavi, usinifanyie hivi. Hapana!"

"Na sasa anasema nini?"

"Anasema fanya haraka."

Kidole gumba cha nesi kiligusa kitako cha sindano.

"Sivyo anavyosema."

Sauti ilitoka kwenye pazia, kwa Kiingereza safi cha mtoto aliyesomea Maryland. Jaël alikuwa amesimama pale, fulana ya duka imelowa machozi kifuani. "Hajaomba kulala. Ameomba polisi. Amesema mke wake ni mwongo. Naelewa kila neno."

Kidole cha nesi kilisimama. Alimtazama mgonjwa, aliyekuwa ananyoosha mkono kuelekea pazia. Alimtazama mke, aliyekuwa na rangi ya shuka. Halafu akamgeukia msichana.

"Wewe ni nani? Nani amekuruhusu kuingia?"

Jaël alifungua mdomo. Angeweza kudanganya. Siku hiyo kila mtu alikuwa amedanganya.

Flaviana alimtangulia. Aliinyoosha sauti, ikarudia ule mkazo wa jukwaani. "Mwulize mama yake ni nani," alimwambia nesi. "Mwulize. Usimruhusu amkaribie mume wangu kabla hajakujibu."

"Mama yako ni nani?" nesi aliuliza.

Msichana alimtazama Ferdinand, kisha akainua kidevu.

"Ni yule aliyempiga risasi," alijibu.

Mkono mmoja wa nesi ukaruka kwenye kitufe chekundu cha kuwaita walinzi. Ule mwingine ulikuwa bado kwenye sindano.